Balbu Mbili za Mama Vifaranga

Jumatatu, 3 Machi

Leo Mjomba kamwita Bi Harusi "mwanangu". Tena mbele ya wateja! Mimi miaka yote hii kwenye karakana yake jina langu ni "wewe". Wewe, lete bisibisi. Wewe, shika hapa.

Huyu Bi Harusi — mke wa binamu yangu, mtoto wa Mjomba, yaani wifi yangu, ndiyo, najua — katoka chuo juzi tu, cheti bado kinanukia wino. Mumewe hajui hata kubadilisha fyuzi. Lakini mke kapewa meza ya dirishani. Meza yangu! Eti pale pana mwanga na yeye anaandika. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sijapona. Kijicho kimenishika, nakiandika hapa kisije kikanitoka mdomoni.

Jumatano, 5 Machi

Sanduku la kutotolea vifaranga limekwisha. Kalitengeneza yeye, la Mama Vifaranga, jirani wa nyuma anayefuga kuku. Ndani balbu nne za wati sitini, ndizo za kuyapa mayai joto. Mjomba akauliza, waya mwembamba hivi utahimili? Yeye — bila hata kugusa mita! — akajibu: sitini gawa kwa volti mia mbili na arobaini, ni robo ampea kila balbu. Zote nne, ampea moja. Waya hautasikia kitu, baba.

Baba! Mjomba kacheka mpaka miwani ikamshuka. Mimi nilikuwa nafunga koili ya jiko, nikajikata kidole. Hakuna aliyenipa pole.

Ijumaa, 7 Machi

Mjomba kasema macho yamechoka. Jumatatu atakabidhi ufunguo wa karakana, na atakayeushika ndiye mkuu wetu. Hakumtaja mtu. Ila alikuwa anatazama dirishani.

Sikula.

Jumamosi, 8 Machi

Mungu si Athumani! Bi Harusi kaenda kumwona mama yake, anaumwa, hatarudi mpaka Jumatatu. Nikachukua balbu ya akiba, aina ile ile. Nikaipima. Ukinzani ohm sitini na nne!

Nikapiga hesabu kama tunavyopiga kwa pasi na majiko siku zote: volti mara volti, gawa kwa ohm. Wati mia tisa! Sitini yake iko wapi? Na mkondo, balbu nne, ampea kumi na tano kwenye uzi ule wa kushonea! Nikarudia. Jibu lile lile.

Nikampelekea Mjomba. Akapima mwenyewe, sitini na nne. "Mita haina ukoo," akasema, na uso ukamwiva. Kanituma nikatoe balbu mbili kwanza, mwenyewe akirudi ajieleze. Mama Vifaranga akawa na wasiwasi, mayai si yatapoa? Nikamwambia afadhali yapoe kuliko nyumba iungue. Narudi, Mjomba ananiambia ufunguo ni wangu.

Nimeimba njia nzima. Chuo! Chuo kitu gani?

Jumapili, 9 Machi

Kuna kitu kinanikera tangu asubuhi. Jana nilipokuwa natoa balbu, nilishika ule waya. Ulikuwa baridi. Ampea kumi na tano, halafu baridi?

Nimewasha balbu moja nyumbani, ikakolea moto. Nikachomoa plagi, nikagusisha mita haraka. Mia tatu na kitu! Halafu namba zikaporomoka — mia mbili, mia, themanini — zikatulia sitini na nne. Nimerudia mara nyingi. Ni hivyo hivyo.

Ikiwa baridi ni sitini na nne. Ikiwaka, ukinzani unapanda, mkondo unabaki kidogo tu. Koili ya pasi haina mambo hayo, baridi au moto karibu sawa. Nani kati yetu aliwahi kupima balbu? Ikiungua tunatupa.

Kwa hiyo yeye ndiye aliyepatia. Hata akiwa hayupo ananishinda!

Kwa Mama Vifaranga si mbali. Naweza kwenda sasa hivi nikazirudishe. Nimevaa viatu. Nimevua. Ufunguo ni kesho.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeupata. Mjomba kaniwekea mkononi mbele ya wote, na Bi Harusi akanipigia makofi. Alikuwa hajaambiwa kitu.

Mara Mama Vifaranga huyo, mbio, khanga inaburura. Kampa Mjomba yai. "Hebu shika! Tangu juzi balbu ni mbili tu, yanapoa. Yakifa haya, mimi sina mengine."

Bi Harusi akauliza balbu nyingine ziko wapi. Mjomba akamwakia: Wifi yako kapima, ohm sitini na nne, ulitaka kumchoma jirani yetu! Nikasema moyoni, haya, sasa nimekwisha.

Aliitazama ile balbu ya akiba, bado iko kando ya mita. Akanitazama mimi. Akajua yote, niliona. Akasema taratibu, "Baba, wifi alikuwa na sababu ya kuogopa. Nitaweka waya mnene, balbu zirudi zote."

Kadanganya! Waya ule unatosha, anajua unatosha. Akapita karibu yangu, akaninong'oneza: "Uliipima baridi, eeh?" Wala hakucheka. Laiti angecheka!

Na Mjomba? Hasira zote zikayeyuka. "Mnaona mtoto asiye na kiburi? Mwanangu huyu!" Mwanangu! Kosa ni langu, sifa kapata yeye. Ufunguo ninao mimi, karakana nzima inamtazama yeye. Namchukia. Namchukia zaidi kuliko Jumatatu ile, na hajanikosea kitu.

Naandika stoo. Yuko mlangoni na balbu zote mbili nilizozitoa, ananingoja, hataki kwenda bila mimi. "Wifi, fanya haraka, mayai yanapoa." Na Mjomba huko mbele: "Wewe! Unatafuta nini humo?"

Nimejibu natafuta bisibisi. Bisibisi iko mfukoni mwangu.