Deni ya Mabati na Siku ya Kuzikwa

Mjukuu wangu Zaina, huku Kasongo tuko wazima, bibi yako anakusalimu, mihogo imezaa vizuri.

Unauliza kama deni unayodaiwa na butiki, lile duka la kule Salamabila, imekufa, kwa kuwa muda wa kushitaki umepita. Mimi nilishinda kesi kama hiyo! Juge, mwamuzi wa kesi, alisema Salumu, muuza mabati aliyenidai, amechelewa, sheria haimusikilizi tena. Nikacheka mpaka ukuta wa tribinali, mahakama yetu, ukatetemeka.

Nje Salumu akanipa mkono. "Sawa, kaka. Siku ya kukuzika, wakiuliza mbele ya maiti nani anamudai marehemu, mimi nitajibu."

Weee! Mimi niliyefukuza chui kwa kofi, nilikimbia moja kwa moja mpaka kwenye zizi. Jua halijatua, nilikuwa nimeuza mbuzi na kumulipa yote.

Babu yako Ramazani