Skrini Saba na Mtu wa Miwani

Jumatatu, 3 Machi

Skrini ya saba imekaa ukutani! Duka la dawa, juu ya benchi la wanaosubiri. Ukuta wa zege, si mchezo — drili iligoma mara mbili. Mgongo hauna hamu. Lakini nimerudi ofisini (ofisi gani, stoo yenye feni), nikabonyeza mara moja kwenye kompyuta, na tangazo jipya la duka la miwani likaanza kote saba kwa mpigo. Kwa kinyozi, duka la mikate, duka la vifaa vya ujenzi, kote. Mwanamume anavaa miwani, anatazama gazeti, anaangua kicheko. Sekunde kumi na tano, basi. Bosi kasema sasa tumekuwa kampuni. Tuko wawili!

Jumatano, 5 Machi

Simu saa tatu asubuhi. Namba yetu imebandikwa chini ya kila skrini, kwa wanaotaka kutangaza. Huyu hakutaka kutangaza. Ni fundi cherehani, mwanamke, meza yake inatazamana na duka la vifaa vya ujenzi. Akauliza nani kamweka mume wake ukutani.

Nikadhani amekosea namba. Yule wa miwani, akasema. Alifariki mwezi wa kumi na moja. Tangu juzi anacheka mbele yake kila baada ya dakika tatu, naye yuko kwenye mashine — ameshajishona kidole.

Nikabaki kusema: Pole, pole, pole, kama kasuku. Nikalitoa kwenye skrini ile palepale, simu ikiwa sikioni. Akashukuru. Ombi lake moja: mama mkwe wake, anayeishi naye, asijue kabisa kama tangazo hilo lipo. Ana presha. Nikaapa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo hakuna jipya. Mvua. Intaneti ya duka la mikate ilikatika, ikarudi yenyewe. Mume wangu kaniuliza mbona namtazama sana anapokula. Nikamwambia wewe kula tu.

Jumatatu, 10 Machi

Skrini ya duka la dawa imeganda. Nimejaribu kuizima na kuiwasha nikiwa ofisini, wapi! Nikaenda na ngazi. Mfamasia akaninong'oneza: kuna mama mmoja huja kila asubuhi, anakaa, hanunui hata kidonge, saa tano anaondoka. Kamwacha tu. Ndiye huyo hapo.

Mtu mzima, kitambaa kichwani, mkoba magotini. Anaitazama skrini nyeusi. Nilipopanda ngazi akanishika pindo la suruali.

"Mwanangu, usiiondoe."

"Siiondoi, mama. Naitengeneza."

"Haya. Maana kijana wangu huja baada ya dawa ya meno."

Nilielewa nikiwa juu ya ngazi. Nikarudi kwenye nyaya.

Ikawaka. Tangazo la dawa ya meno, halafu yeye. Mama akakiweka sawa kitambaa chake, kama amepata mgeni. Kilipoisha kile kicheko akaniambia nyumbani picha zipo, lakini ni ya kitambulisho na za harusi, kote amenuna. Kucheka hivi ndiko kwake tangu mdogo — kwanza mabega, mdomo unafuata.

Kisha akanibana mkono. Mkwe wake asisikie! Binti ana mtoto, ana kazi, ndiyo kwanza ameanza kula vizuri. Anadhani mama mkwe asubuhi anakwenda kupima presha.

Nikaapa tena. Mimi huyuhuyu.

Jumanne, 11 Machi

Bosi: mkataba wa watu wa miwani unaisha Alhamisi. Tangazo litoke kote, nafasi wanaichukua watu wa magodoro. Sawa bosi, nikasema.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelitoa kwenye skrini tano. Kwa fundi cherehani lilishatoka. Ya duka la dawa — kidole kimekataa.

Ijumaa, 14 Machi

Bosi ameona ripoti. Kaja juu! Hii si albamu ya familia, akasema, watu wa magodoro wameahidiwa skrini saba. Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Alikuwa amesimama, akakaa. Akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Mwisho akasema kesho saa sita mchana, isizidi hapo. Na huyo mama nimwekee nakala kwenye simu yake.

Simu yake ya vibonyezo, bosi.

Na mkwe hana simu nzuri?

Ndiyo hapo sasa. Mkwe anayo.

Mchana sikula. Nimempigia fundi cherehani, nikamwambia mama mkwe wake huenda wapi kila asubuhi. Kiapo nilichompa mama nimekivunja kwa simu moja. Nilisubiri matusi. Mashine za wenzake zinasikika nyuma. Halafu akauliza, "Huwa anakaa peke yake?"

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya mfamasia. Saa tano na dakika arobaini.

Mkwe alifika saa nne. Mama alipomwona mlangoni aliruka kama kafumaniwa, akasema amekuja kupima presha. Mkwe akasema hata mimi. Wakakaa benchi moja, mkoba katikati yao. Yule wa miwani alipotokea mara ya kwanza, mkwe aliinamisha kichwa. Ya pili, hivyohivyo. Ya tatu akainua. Baadaye sana, sijui ya ngapi, akasema: shati hilo nilimshonea mimi. Mama akasema najua, kola imekaa upande. Wakacheka! Wote wawili! Mfamasia akageukia makabati, akajifanya anapanga chupa.

Nakala nimeshaituma kwenye simu ya mkwe. Ningeishia hapo. Lakini mdomo wangu — nikaropoka kwamba ina sauti. Madukani huwa tunaizima tu. Kuna maneno anayasema kabla ya kucheka.

Wote wakanigeukia.

Mama: iwashe, iwashe sasa hivi. Mkwe: ngoja mama, bado, mbele za watu hapana. Mama akauliza, basi tutamsikia lini? Mkwe akatazama mlango. Mfamasia, bila kuambiwa na mtu, akaenda akafunga mlango, akageuza kile kibao kinachosema tumefunga.

Sasa watu hakuna. Bosi amepiga mara mbili, sijapokea. Kompyuta niliyokuja nayo iko wazi, kubonyeza tu.

Mama amefumba macho, anasubiri. Mkwe ameinuka, amekuja hapa kwenye kaunta, ananiuliza kwa sauti ndogo ili mama asisikie: anasema maneno gani?

Nimwambie, au asikie mwenyewe?