Dishi la Miguu Mitatu

Sib, Maskati

Dada yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Kaa kitako kwanza, mimina chai, ndipo uisome, maana habari ni ndefu na wewe subira huna tangu udogoni. Nimeandika kwa herufi kubwa kama za mtoto wa chuo cha Kurani kwa sababu ulisema siku hizi maandishi yanakuchezea. Hilo la macho ntalirudia mwisho, usidhani nimelisahau. Vipi mgongo wako? Vipi Shemeji na kifua chake? Sisi huku wazima, joto limeanza kutuonea huruma, ila Nassor wangu tangu astaafu wizarani anazunguka nyumba nzima akiuliza kila kitu kinafanya nini pale kilipo. Juzi kaniuliza habari ya mbuzi wa kukunia nazi.

Kustaafu huko ndiko kulikotuletea karavani. Mzungu mmoja wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos alikuwa anarejea kwao, akaliuza gari lake la kulalia: vitanda, jiko, choo, mpaka mapazia ya maua. Nassor akaja nalo akaliegesha mbele ya mlango, majirani wakatoka kutazama. Siku ile nilinuna, sikufichi. Lakini alipotaja Salala, mnuno ukanitoka.

Unamkumbuka Bi Zayana, mdogo wake mama mkwe wangu, aliyeolewa Salala. Sukari imemshika vibaya na imeondoka na macho yake, haoni tena hata mwanga. Alimtuma mwanawe atupigie simu: "Mwambieni dada yangu aje nimshike mkono kabla sijaondoka." Na Bi Moza, mama mkwe wangu, ndege hapandi, na magoti yake hayawezi kukaa kwenye gari dogo kuvuka jangwa lote lile. Tukaona karavani hili ndilo jawabu, atalala kitandani mwake mpaka mlangoni kwa nduguye.

Bi Moza akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mie sendi mahala nisipoiona Makka magharibi ikiingia."

Hiyo ndiyo ada yake, Dada. Kila jioni anakaa mbele ya TV, anaangalia Haram ya Makka mubashara, watu wanatufu kuizunguka Kaaba, kisha huku kwetu ikiadhiniwa anainuka kusali. Toka mkwe wangu mzee alipofariki hajawahi kuikosa. Nassor akashikwa na aibu. Akamwambia, "Mama, tunakwenda kumtazama mgonjwa. Tukampelekee TV mtu asiyeona? Watu watasemaje?"

"Watasema wanachotaka. Bila Makka, sendi."

Nassor akatoka nje kuzungumza na karavani lake. Mimi nikajua kazi imeniangukia. Nikavaa buibui langu, nikamchukua Nassor tukaenda mtaa wa Al Khuwair, kwenye duka la madishi, na njia nzima nikamwambia, "Wewe utalipa, mimi ntachagua."

Fundi wa pale ni mtu wa Tanga, ana maneno kuliko cherehani. Kwanza akatuonyesha kitu cheupe kama sufuria iliyofunikwa, kinakaa juu ya paa la gari. "Mama, hii ndiyo mambo yote. Gari inatembea, yenyewe inatafuta setilaiti. Wewe unakunywa chai tu." Macho ya Nassor yakang'aa, nikaona tumekwisha.

Nikamuuliza, "Na gari likiwa chini ya mti?"

"Hapo sasa, Mama, inabidi usogeze gari juani."

"Nimuweke mama mkwe juani kwa ajili ya TV? Haya, ya pili."

Ya pili ni dishi linalolala juu ya paa, ukibonyeza linainuka lenyewe. Nikamuuliza likikataa kulala katikati ya jangwa itakuwaje. Akasema utapanda juu ulikunje kwa mkono. "Hebu nitazame vizuri," nikamwambia, "kisha uniambie tena habari ya kupanda." Hata Nassor alicheka.

Basi pembeni nikaliona dishi la kawaida, kama yale ya kwenye mapaa yetu, limepigiliwa kwenye stendi ya miguu mitatu, na waya mrefu umeviringishwa. Fundi hakulitaja kabisa. Nikamuuliza kwa nini, akasema hilo la watu wa kambi, kila mkitua mshuke mlitege wenyewe. Nikamwambia hilohilo. Gari litakaa kivulini, dishi litakwenda lenyewe juani na waya wake, na likiharibika naliona, halijajificha ndani ya sufuria. Tukachukua na TV ndogo ya kutumia betri ya gari.

"Kulitega utaweza, Mama?" fundi akaniuliza. "Setilaiti hii iko chini sana, karibu na upeo wa macho. Ukikosea kidogo tu, hupati kitu."

Nikamwambia mimi nakaa Sib na macho nnayo. Madishi yote ya mtaa wetu yamesimama safu kama maamuma, yanatazama kibla, kisha kushoto kidogo. Kwani hilo nalo lataka kusomewa? Akafungua mdomo aseme neno, nikamwambia afunge mzigo.

Na kweli kabisa, kituo chetu cha kwanza, Nizwa, lilinitii. Bi Moza akatandika msala wake, mimi nikaliweka dishi nyuma yake, nikalielekeza kulekule, kushoto kidogo, nikaning'iniza galoni la maji katikati ya miguu upepo usiliangushe. Nassor ndani anaangalia TV na kupiga kelele, "Bado! Bado! Imekuja!" Nilijiona injinia. Haima, jangwani, ilichukua muda zaidi na ilibidi nizidi kulisukuma kushoto, lakini nikasema ni upepo, sikulitia maanani.

Tukaingia Salala msimu wa manyunyu. Dada, sikupanga kukuandikia haya, lakini nilipoiona minazi na migomba kama ya huko kwetu, na wanawake wanauza madafu kando ya njia, nililia mpaka Nassor akasimamisha gari. Nilidhani nimekwisha kuizoea ardhi kavu.

Nyumba ya Bi Zayana imezungukwa na minazi. Tukaegesha ubavuni, Bi Moza akashuka taratibu, na nduguye yuko mlangoni kashikwa mkono na mwanawe. Bi Zayana alimpapasa dada yake uso, mashavu, masikio, akasema, "Umekonda." Bi Moza akajibu, "Na weye umenenepa, alhamdulillah." Kisha wakalia wote wawili, na sisi tukajifanya tunashusha mizigo.

Magharibi ikakaribia. Bi Moza akanigeukia, "Zuwena, dishi."

Sasa Salala msimu ule jua halionekani, ukungu mtupu. Nikaulizia kibla msikitini, nikaja nikalitega, kushoto kidogo. Hakuna kitu. Nikasema minazi inaziba, nikavuta waya mpaka uwanja wa wazi. Hapo nilimshukuru Mungu sikununua ile sufuria ya juu ya paa, maana ingebaki inautazama mnazi mpaka leo. Lakini bado hakuna kitu. Nikalipeleka kulia, nikalirudisha, nikalishusha, nikaliinua. Manyunyu yananiingia shingoni, Nassor ndani anaita "Bado! Bado!" kwa sauti ya mtu aliyeanza kufurahi. Mwana wa Bi Zayana akaja na mwavuli akaniambia, "Mama, si lazima. Mama yetu mwenyewe TV alishaitoa, alisema ya nini na mie sioni."

Nikatazama mlangoni mwa karavani. Bi Moza kakaa na nduguye bega kwa bega, kamshika mkono, na macho yake yako kwangu. Hakuwa ananihimiza. Alikuwa ananiomba, na yule mama hajawahi kuniomba kitu tangu niolewe.

Hapo ndipo nilipoikumbuka Haima. Haukuwa upepo. Tumeteremka kusini siku mbili nzima, Makka ndiyo iliyogeuka kwetu, sasa inatukalia juu upande wa kaskazini. Setilaiti haina habari na kibla, imekaa palepale pake. Kule Sib vimekaa jirani tu kwa bahati, na mimi nikaifanya sheria. Nadhani hilo ndilo fundi alilotaka kuniambia nilipomfunga mdomo. Nikalishika dishi kwa mikono miwili nikaligeuza kushoto, kushoto sana, mpaka likaipa kibla shavu.

"Bado! Bado! Imekuja! Imepita, rudi! Rudi kidogo! Basi, usiguse!"

Nilikimbia ndani nimerowa chapachapa. Picha safi, Haram imejaa. Na Bi Moza kaanza kusema, si na sisi, na nduguye, mdomo karibu na sikio lake.

"Kwao jua lingalipo, Zayana. Watu wengi, uwanja mweupe pe. Wanatufu."

"Na nguo ya Kaaba?"

"Ipo. Upepo waichezea pembeni."

"Hua je, wapo?"

"Wapo. Wameruka sasa hivi, kundi zima. Wanatua upande wa ule mlango tulipompoteza Baba."

Bi Zayana akacheka, Dada, akacheka kwa sauti. Walihiji pamoja, wasichana, na baba yao, na katika msongamano ule wakapoteana naye, wakakaa mlangoni wakila tende na kulia mpaka akawapata. Hayo hatukuyajua hata siku moja. Kumbe miaka yote ile mbele ya TV alikuwa anamkumbuka mwenziwe. Nassor alitoka nje. Nilimfuata nikamkuta anafuta dishi kwa kilemba chake, kana kwamba dishi huwa linafutwa mvuani.

Ilipoadhiniwa Salala wakasali ndani humohumo, wamekaa, kwenye kibla chao, na dishi nje linatazama kwake. Tulikaa pale mpaka msimu unakwisha, na kila jioni ilikuwa hivyo. Bi Zayana yu hai, anaendelea na sindano zake, na dishi na ile TV ndogo tumemwachia mwanawe. Sasa Bi Moza anampigia simu kila magharibi, wote wawili wamewasha TV, na anamsimulia. Bili ya simu Nassor anaiona, analipa.

Msalimie Shemeji, mwambie kitabu chake nimekipata. Msalimie Shangazi mshona kofia, na wifi yetu wa Mkunazini aliyenipa kungumanga za safari, zimekwisha. Wajukuu wako wabusu mmoja mmoja.

Sasa yale ya macho. Kila mwaka nakuandikia njoo, na kila mwaka unanijibu mwakani inshallah, mara kuku, mara mvua, mara harusi ya jirani. Huku madaktari wa macho wapo, chumba kipo, na Nassor anakwenda kutafuta tiketi wiki hii. Sikuulizi, nakwambia. Nimemwona mtu akisimulia hua kwa nduguye, na alisimulia vizuri sana, lakini mkono wa nduguye hakuuachia. Mimi siwezi, Dada. Njoo sasa, nisije nikakusimulia uso wangu.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Zuwena