Kumgeuza Mgonjwa Peke Yangu

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi chako kimeshika njia yake. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, ila bado anagombana na fimbo yake kama mke mwenza.

Unajua nimerudi chuo cha uuguzi. Nilipoacha kazi kumuuguza Baba, leseni yangu ilikwisha muda, na bila kufaulu mtihani wa vitendo nisingeruhusiwa tena kumgusa mgonjwa. Darasani naketi na wasichana wanaoniita Shangazi. Mmoja aliniuliza kama enzi zetu sindano zilichongwa kwa mti. Nikamjibu kuwa ndiyo, na za watundu hazikunolewa.

Mtihani ulikuwa Jumanne, wodini. Nilipewa mzee aliyepooza upande mmoja, nimgeuze, nimsafishe mgongo na kumbadilishia shuka. Kanuni ni watu wawili, na yule msichana wa sindano alisimama ng'ambo ya kitanda akingoja nimwelekeze. Mimi nikaweka goti kitandani, nikapitisha mkono chini ya bega la mzee, nikamvuta kifuani kwangu kama nilivyomvuta Baba asubuhi zote zile. Nilikuwa nimekwisha kumgeuza kabla sijamkumbuka msichana. Mkufunzi akasema basi, akaniita koridoni.

Nikajua unga umemwagika. Aliniuliza ni hospitali gani ilinifundisha kubeba mtu kama gunia. Nikamwambia ni nyumbani, hakukuwa na mwingine. Akauliza kama mgongo unaniuma. Nilisema hapana, halafu nikasema ndiyo. Akaniambia mikono ninayo, lakini muuguzi anayejifanya jeshi zima ipo siku atamwangusha mgonjwa. Nirudie mchana, na nisitegemee mara ya tatu.

Mchana nilisimama pale pale, mdomo umekuwa mzito. Dada, kusema "nisaidie" kulinishinda. Msichana akaninong'oneza kwamba yeye si pazia. Mzee akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Ndipo nikamwomba. Tukahesabu pamoja, tukamgeuza, na sikusikia uzito wowote. Nimefaulu! Nililia chooni, bomba nimelifungulia wasinisikie.

Sasa lililonishikisha kalamu. Miaka ile uliponipigia simu kuuliza kama tunahitaji chochote, nilikujibu tuko salama. Hatukuwa salama. Nilikuwa nikikata simu nakukasirikia kwa kutosikia nisichokisema. Ungesikiaje? Wewe uliniamini tu. Hasira hiyo imekwisha, na tangu Jumanne nalala usingizi wa mtoto mchanga.

Mwezi ujao naanza zamu, nyingine za usiku, na Mama hawezi kuachwa peke yake. Zamani ningekuandikia kwamba nitajua la kufanya. Sijui, Dada. Njoo ukae nasi, hata miezi miwili. Shemeji akinuna, mwambie nimekuhitaji, tena nimelisema mwenyewe.

Wasalimie watoto mmoja mmoja, na yule mdogo umbusu mashavu yote mawili. Mama anakusalimu sana. Anauliza ninaandika nini kirefu hivi. Nimemwambia utamweleza ukifika.

Ni mimi nikupendaye,
Kitindamimba wenu