Mama Yako Juu ya Mnara wa Conwy

Conwy, 9 Agosti

Mwanangu Lowri,

Watu wengi wakiingia ngomeni hukosea kwa kuanza na kuta. Panda mnarani kwanza, ndipo utaelewa kuta zilijengwa kumzuia nani. Hizi za hapa zilijengwa kutuzuia sisi Wawelishi, hapa hapa kwetu Wales.

Jana binti yako Cadi alitupandisha hadi juu. Mama yako alicheka njia nzima.

"Waingereza walijenga tusiingie, leo tunapanga foleni!"

"Bibi, pumzika kidogo."

"Pumzika wewe! Mzee hapa ni babu yako."

Huko juu tulikula mkate wa zabibu, upepo ukaitupa kofia yangu mtoni, nao wakanicheka mpaka machozi. Kisha mama yako akaanza kumtajia Cadi milima yetu, mmoja mmoja, akiielekezea kidole. Cadi akaninong'oneza, "Babu, mbona Bibi anaonyesha baharini?"

Mama yako amenikataza kukuandikia hili. Daktari anasema kufikia Krismasi ataona mwanga tu. Jana alimshika Cadi mashavu, akamsogelea sana, akasema, "Pua ya Lowri hii!" Anatamani kukuona wewe mwenyewe, ingawa hatasema.

Huko Ajentina uliko ni mbali, najua. Omba likizo leo.

Baba yako,
Emrys