Ndagala Mbele ya Goli

Ruben, ndugu yangu,

Ni minye, Sadoki. Usishituke, sijakufa, niko hapa hapa Songo, na meno yangu karibu yote. Kalamu ameishika ndugu ya muke wangu, ule katekista, sababu unajua masomo ilinikimbia. Amesema ataandika kila neno ila uongo. Nimemwambia basi barua itakuwa fupi.

Nianze na hasira. Weye muntu ulipenda kujionyesha. Ulikufa siku gani? Siku ya soko! Watu wote walikuwa mu mji tayari, na wale wa Mutarule waliacha mihogo yao chini wakakufuata mpaka makaburini. Padiri alilia. Padiri, Ruben! Ule hakulia hata mutumbwi wake ulipozama. Minye nilibeba jeneza upande wa mbele, na hakuna muntu aliniangalia. Najijua, minye nikikufa itakuwa siku ya mvua, watakuja watu sita na mbwa, na mbwa atarudi nusu ya njia.

Mpaka leo kule Nyamianda wananiita "rafiki ya Ruben." Nina jina!

Halafu watoto. Minye nimezaa mabinti saba, wazuri, wanajua kulima, kupika na kunitukana. Weye ulizaa Kashindi. Ule kijana akigusa balo ya muguu, watu wanaacha kukohoa. Anapita watu watano kama muntu anayeingia mu nyumba yake. Ule muguu wa kushoto ni wako kabisa. Nikimwangalia nafurahi, kisha wivu unanishika, kisha nafurahi tena. Kila Jumapili nyuma ya misa wanapiga makelele: "Ruben! Ruben!" Si jina lake, ni lako. Umekufa na bado unafunga magoli.

Lakini akili ya Kashindi bado iko mu mugongo wa mama yake. Anampita beki, kisha anarudi kumpita tena, ati beki hakuona vizuri mara ya kwanza. Siku moja alicheza na kofia ya arbitri, ule wa filimbi, ku kichwa. Siku ingine alitoka katikati ya mchezo, akaenda kwa shangazi yake kunywa maji, akarudi anatafuna muwa. Tulicheka, tukamsamehe. Tulikosa.

Sasa sikia. Jumapili iliyopita antrenere, ule mwalimu wa mpira wa Bukavu, alishuka na kamyo ya mizigo kuja kumwangalia yeye tu. Ekipi ya kule ilimtaka, wampe kazi, chumba, na viatu vya kweli. Mama Kashindi alifua kaputula yake mara mbili. Tulicheza na watu wa mashamba ya pamba ya Mutarule, pale mu mchanga wa ziwa, karibu na wamama wanaoanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Mchezo ulikuwa karibu kuisha, hakuna goli. Kashindi akachukua balo, akapita wote, akapita na mulinda goli. Goli wazi, Ruben! Hata minye na hii goti ningefunga. (Katekista anatikisa kichwa, lakini ameandika.)

Unajua alifanya nini? Alisimamisha balo mbele ya goli. Akakaa juu yake. Akatoa ndagala mu mufuko wa kaputula, akaanza kula polepole, kichwa kwanza. Watu walicheka mpaka wengine wakaanguka. Hajameza mukia, beki mumoja wa Mutarule akapiga ile balo teke kutoka chini yake, wakakimbia nayo upande wetu, wakafunga. Filimbi, kwisha. Antrenere alifunga kitabu chake. "Nilikuja kutafuta muchezaji," alisema, "sikuja kutafuta mutoto wa kulea."

Nilimkimbilia Kashindi na fimbo. "Mupumbafu weye! Nani alikufundisha vile?"

Akaniangalia na macho yako yale. "Si ni weye, Baba Sadoki? Nilitaka kufanya kama weye."

Ruben, fimbo ilianguka yenyewe.

Unajua kwetu siku ya kuvunja matanga ni rafiki anasimama kueleza matendo ya marehemu. Nilisimama mu kiwanja chako. Nilianza vizuri, nikaeleza mutumbwi wako, nikaeleza ndoa yako. Kisha nikafika ku ile goli yako, siku tulicheza na maaskari ku kambi yao mbali, padiri ametuletea balo ya kwanza ya ngozi. Nikaona macho ya watu yanang'aa. Kwa sababu yako, tena! Ulimi ukateleza. Nikasema, "Ile goli nilifunga minye. Na mbele ya kufunga, nilikaa juu ya balo nikala ndagala." Walicheka, walipiga mikono, kwa mara ya kwanza waliita "Sadoki! Sadoki!" Ilikuwa tamu, siwezi kukudanganya. Weye ulikuwa chini ya udongo. Nilijua hutabisha.

Na Kashindi alikuwa amekaa palepale, kichwa kimenyolewa, anasikia.

Miaka yote nilikuwa na wivu sababu anafanana na weye. Siku moja tu alijaribu kufanana na minye, na ile siku njo ilimuharibia.

Jumatatu asubuhi nilienda ku kamyo. Antrenere alikuwa anakula muhogo, dreva anamimina maji mu injini, watu wamejaa. Nilimwita na Mama Kashindi aje. Nikavua kofia, nikasema mbele ya wote: ile goli ilikuwa ya Ruben. Hakukaa juu ya balo, hakula kintu. Alifunga, akarudi mbio katikati, akanishika mukono. Minye njo nilidanganya ku matanga, na kijana aliniamini.

Mama mumoja wa ndagala akasema, "Nilijua! Sadoki hata kuku inamushinda mbio!" Wakacheka, lakini hii mara walinicheka minye. Mama Kashindi hakucheka. Alisema, "Shemeji, ulimuzika mume wangu mara mbili." Hiyo inaniuma mpaka sasa.

Antrenere alimaliza muhogo wake kwanza. Kisha akamwita Kashindi: "Utapanda kamyo ya pamba Alhamisi. Mpaka mvua ianze, utajaza upepo mu balo za wenzako na kufua nguo zao. Ukikaa juu ya balo moja, unarudi kwenu." Kashindi alisema, "Ndiyo, bwana." Sijawahi kumusikia anasema kintu bila kucheka.

Kesho anaenda. Kama ataweza, sijui. Leo asubuhi nilimukuta anapiga chenga mbuzi ya jirani. Lakini aliponiona aliacha, akaenda kumutekea mama yake maji.

Basi, ndugu, lala. Nakuahidi hivi: kila muntu akiniuliza, goli ilikuwa yako. Na siku Kashindi akifunga kule Bukavu, wakiita "Ruben," minye nitaita nao mpaka koo iume. Wivu sitaacha, usinitafute kati ya malaika.

Lakini ile pasi, Ruben. Ile balo ilitoka ku muguu wangu ikafika ku wako. Katekista ameinua kalamu, anauliza kama ni kweli. Andika, ni kweli. Weye peke yako uliiona, na sasa sina tena muntu wa kusimama shahidi wangu.

Ni minye,
Sadoki, rafiki ya Ruben