Kompyuta Inayokunywa Maji Matamu

Chumba Namba 9,
Kambi ya Wafanyakazi,
Marereni,
kupitia Malindi.

Jumapili, 13 Desemba 1987

Mpendwa dada yangu Mueni,

Shikamoo dada. Najua utacheka, maana kwetu Mwala hatusalimiani hivyo, lakini miaka mitatu ya huku pwani imenizoesha. Aliyenitangulia kuzaliwa hata kwa wiki moja nampa shikamoo yake, na wewe umenitangulia kwa miaka minane. Basi ipokee tu.

Hamjambo hapo nyumbani? Mgongo wako unaendeleaje tangu ule utelezi wa mtoni? Na shemeji Joram, kile kifua kimemwachia? Mvua mlizipata za kutosha, au ndiyo yale yale ya mwaka jana? Na Nduku wangu, lile jino la mbele lililokuwa likicheza lilishang'oka? Uliniandikia habari za jino hilo mwezi wa kumi ukaniacha hapo hapo, na mimi kila nikisugua meno yangu asubuhi nalikumbuka.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Ngozi inaniwasha, sababu yake utaisoma mbele. Kinachonisumbua hasa ni upweke, dada, na leo sitakuficha. Jumapili kambi hii hubaki tupu. Wenzangu wengi kwao ni Gongoni na Adu, na Jumamosi mchana wakishamaliza kazi kila mtu anashika njia. Nabaki mimi na askari wa getini, naye kazi yake ni kusinzia. Napika ugali wa mtu mmoja, nashindwa kuukadiria, unabaki mwingi. Kikamba changu nakisema peke yangu nikinyoa ndevu.

Unakumbuka niliahidi nini. Pasaka ya mwaka jana nilimwambia Nduku, mbele yako, kwamba siku ya kwanza ya darasa la kwanza nitampeleka mimi mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono. Alikuwa amejificha nyuma ya leso yako, akakuuliza huyu mtu ni nani. Nilicheka siku ile kwa sababu watu walikuwa wengi. Tangu marehemu mke wangu Priscilla atutoke na mtoto wetu kubaki mikononi mwako, ahadi niliyompa ni hiyo moja tu, na shule zinafunguliwa tarehe nne Januari.

Basi mwezi wa kumi nikaenda kwa meneja kuomba likizo. Akaniuliza, "Na kompyuta?"

Ngoja nikueleze kompyuta ni kitu gani, maana uliniuliza nikakujibu juu juu. Ni sanduku la bati lenye kioo kama cha televisheni na vibonye kama vya taipureta. Unaiambia malori mangapi yamebeba chumvi, vibarua wangapi wamefika kazini, nayo inakumbuka yote na kukuandikia karatasi safi. Kampuni iliileta mwezi wa tano, na mimi nikapelekwa Mombasa wiki tatu kujifunza kuitumia. Hapa Marereni nzima nilikuwa mimi tu ninayeijua, nami nilijiona mkubwa kweli kweli.

Lakini ofisi yetu imeezekwa mabati, na joto la hapa wewe hulijui. Kuanzia mwezi wa tisa, kila ikikaribia saa tano kioo kinazimika, na kazi yote ya asubuhi inapotea. Niliifungua nikakuta balaa. Ndani mna feni ndogo ya kuipoza, na feni hiyo ilikuwa ikivuta vumbi la chumvi kutoka nje na kulimwaga ndani. Kila kitu kilikuwa cheupe kama kimenyunyiziwa unga, na vile vichuma vidogo vimeanza kushika kutu. Fundi alikuja mara mbili, akasema inataka chumba kilichofungwa na kiyoyozi. Meneja akasema hata yeye hana kiyoyozi, sembuse sanduku.

Kwa hiyo jibu langu la likizo likawa hivi: hesabu za mwaka lazima zifungwe kwa mashine. Mashine ikisimama, na likizo imesimama. Nikiitengeneza, niende zangu.

Hapo ndipo nilipopata wazimu, dada. Nilijiambia, kama feni inaleta chumvi, niitoe feni, nizibe kila tundu, halafu nipoze kwa maji. Nilikwenda Malindi, mtaa wa Muyeye, kuna fundi wa friji anaitwa Gona, mtu mcheshi sana. Nilipomweleza aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. "Maji ndani ya umeme? Bwana, wewe una watoto?" Nikamwambia ninaye mmoja, na ndiyo sababu. Akanipa mrija wa shaba wa friji iliyokufa, tukaukunja-kunja kama matumbo ya mbuzi, akaulehemu juu ya kipande bapa cha shaba.

Kile kipande nilikibana juu ya zile sehemu zinazochemka. Matundu niliyaziba kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Juu ya kabati nikaweka ndoo. Maji yanashuka kwa mpira mwembamba, yanapita ndani ya mrija yakichukua joto, yanatokea upande wa pili na kuanguka kwenye beseni chini ya meza. Ndoo ikikaribia kwisha, mtu anayachota ya kwenye beseni na kuyarudisha juu. Pampu hakuna. Pampu ni mimi.

Siku ya kwanza ilifanya kazi mpaka saa kumi na moja jioni bila kuzima! Vibarua walikuja kuchungulia dirishani, wakapiga makofi, wakaanza kuita kompyuta ng'ombe wangu. Mpaka leo nikipita wananiuliza, "Mkamba, umeshamnywesha ng'ombe?" Nami nafurahi wakiniuliza, maana siku nyingine hilo ndilo neno pekee ninaloambiwa tangu asubuhi.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Maji niliyotumia ni ya kisima cha hapa kambini, yana chumvi kidogo. Yale yaliyo kwenye beseni yalikuwa yakipungua kila siku kwa joto, nami kila siku naongeza mengine ya kisima. Baada ya wiki tatu mrija ukaziba kabisa, na kwenye kiungo kimoja ukaanza kudondosha. Ilibaki kidogo tu yote iungue. Nilipoukata nikakuta umejaa chumvi, nyeupe, safi, ya kutia kwenye mchuzi. Dada, sisi kazi yetu hapa ni nini? Ni kuyaacha maji ya bahari juani yapungue, tubakie na chumvi. Nafanya kazi hiyo miaka mitatu, halafu nimeijenga tena mwenyewe ndani ya kompyuta bila kujua! Walinicheka siku nne. Gona alipoona ule mrija alikaa chini kabisa akashika mbavu. Hata mimi nilicheka, lakini nilipofika chumbani sikucheka, kwa sababu mwezi wa kumi na moja ulikuwa umeshaanza.

Gona akanipa mrija mwingine, ila sasa ilibidi nipate maji matamu. Maji matamu hapa yanaletwa na lori Jumanne na Ijumaa, kila chumba madebe manne. Siwezi kumwomba mwenye watoto anigawie maji ya kuipa kompyuta, hata uso sina. Basi nikatoa yangu. Madebe mawili ya mashine, mawili yangu ya kunywa na kupika, na kuoga naoga ya kisima. Ndiyo maana najikuna.

Anayefagia ofisi ni mama mmoja wa Kigiriama anaitwa Nyevu, mtu mzima, maneno yake machache lakini kila moja lina uzito. Alinitazama nikihangaika na ndoo, maji yamekuwa ya vuguvugu. Kesho yake akaja na mtungi mkubwa wa udongo kichwani. "Ndoo ya bati inapika maji," akasema. "Tia humu." Ni kweli. Tangu hapo maji yanashuka yakiwa baridi, na saa nane mchana, joto likiwa la kukutoa roho, ukigusa lile sanduku ubavuni utadhani ni asubuhi. Mwezi mzima haijazima hata mara moja.

Nikarudi kwa meneja nimejaa furaha. Nikamwambia, mzee, imesimama imara, naomba ile likizo. Unajua alinijibuje? "Sasa ukienda, nani atainywesha?"

Nimehangaika miezi miwili ili niweze kuondoka, kumbe nilikuwa najifunga kamba. Nikamwambia Nyevu anaweza. Akasema Nyevu hajui kusoma. Nikamwambia kuchota maji hakutaki kusoma, na kuandika, karani wa ghala atabofya vibonye, nilishamfundisha. Akatikisa kichwa, akaendelea na chai yake. Nilitoka pale nina hasira mpaka masikio yanavuma.

Nyevu nilikuwa nimeshamwonyesha kazi yote, na ukweli ni kwamba ananishinda. Mimi naangalia saa. Yeye anaweka kiganja ubavuni mwa sanduku, kama mtu anayempima mtoto homa, na anajua ni wakati wa kuyarudisha maji au bado.

Basi Alhamisi iliyopita nikafanya jambo ambalo wewe utanikemea. Nilidanganya. Nilimtuma jirani yangu aseme nina homa, siwezi kuamka. Nikajifungia humu chumba namba tisa, nikalala chali nikisikiliza. Nilijua mambo mawili tu yanaweza kutokea. Wakishindwa, watakuja mbio kuniita, na likizo ndiyo imekufa. Wakiweza, nitakwenda kwa mwanangu. Niliomba Mungu waweze.

Saa tano ikapita, kimya. Saa saba, kimya. Nikasikia viatu vinakuja, vikapita. Saa tisa, dada, nilijikuta nimekaa kitandani na nguo zangu za kazi nimeshazivaa, nikisubiri kuitwa. Hakuna aliyekuja. Wala si kuja kuniita tu, hata kuja kuniuliza hali hakuja mtu. Mgonjwa wa homa, kutwa nzima, na mlango haukugongwa.

Saa kumi na moja na nusu akaja Nyevu na uji kwenye kopo. Akaniambia, "Ng'ombe wako amefanya kazi kutwa. Hajalala hata kidogo." Kisha akanitazama, akatazama lile shati la kazi, akasema, "Homa gani hii isiyotaka blanketi?" Akaweka uji chini akaenda zake. Nilifunga mlango nikalia. Mwanamume mzima wa miaka thelathini na minne, nimepata nilichokiomba, na nalia.

Juzi Ijumaa meneja akaniita, akatia sahihi karatasi ya likizo, wiki mbili kuanzia tarehe ishirini na nane. Hakuwa na ubaya. Alisema tu, "Kumbe tungekuruhusu zamani." Nikasema asante mzee. Hilo neno limekaa kifuani tangu juzi na halijashuka.

Kwa hiyo ninakuja. Nitapanda basi la Mombasa tarehe ishirini na nane, na tukijaliwa tarehe thelathini nitakuwa mlangoni kwako. Usichinje kitu. Nipikie muthokoi tu, yale mahindi yetu ya kukobolewa.

Sasa kuna jambo moja, nalo ndilo lililonikalisha kuandika leo. Katika barua yako ya mwisho ulisema nisijisumbue ikiwa kazi imenibana, kwamba Joram ameshamnunulia Nduku sare na viatu, ameshaongea na mwalimu, na atampeleka yeye. Ukaandika pia, kwa wema wako, kwamba mtoto hana taabu kabisa, anamwita Joram baba. Nimeisoma mara nyingi mpaka imechanika pale ilipokunjwa. Sina kinyongo, Mungu ni shahidi. Mmemlisha, mmemuuguza, mmemwogesha, na mimi nilikuwa huku. Kama Joram hakuitwa baba, angeitwa nani?

Nisalimie shemeji Joram sana, mwambie namheshimu kuliko ninavyojua kusema. Nisalimie na Mama Kavata jirani, na vijana wote wa hapo boma, na shangazi akishuka sokoni. Nduku mwambie kuna mtu anakuja, usimwambie zaidi ya hapo, nataka nione mwenyewe atafanya nini. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, awaponye mgongo na kifua, na asiruhusu mtu wa nyumba hiyo akae mgonjwa bila kugongewa mlango.

Na hiyo Jumatatu ya tarehe nne, dada, nakuomba na Joram. Sare mmeshanunua, njia mnaijua, mwalimu anawajua ninyi. Mnaweza kabisa bila mimi, nalijua hilo vizuri. Lakini asubuhi hiyo moja tu, mbele ya mtoto, jifanyeni hamwezi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote,

Simeon